Bi Muriel na Pakiti ya Mwisho

Basi la Marlbury hupita kijijini kwetu Hopley mara mbili tu kwa wiki, Alhamisi na Jumamosi, na Alhamisi ile ya Februari liliwahi. Liliwahi kwa saa ya Bi Muriel. Yeye alijua linafika saa tatu na dakika thelathini na tatu, kama lilivyokuwa likifika tangu mimi sijazaliwa. Simu yangu ilisema saa tatu na dakika ishirini na nne, na basi hilo hapo linakata kona ya kanisa, naye bado anafunga skafu.

"Mbona limewahi?" akauliza, kana kwamba basi limemkosea adabu.

Mimi sikujua. Basi langu ni lile la shule, na wiki ile tulikuwa kwenye likizo fupi ya katikati ya muhula. Na Bi Muriel alikuwa hajapanda basi tangu Septemba, kwa sababu ya nyonga.

Bi Muriel Beddoes ni jirani yetu wa mlango wa pili. Ana miaka sabini na tisa, nyonga moja ya kuzaliwa nayo na nyingine ya chuma. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpishi wa shule yetu ya msingi, na nusu ya wilaya hii imekula viazi vyake. Hakuwa mkali kwa chakula, alikuwa mkali kwa foleni. Mtoto akimpita mwenzake mstarini, upawa ulimtua vidoleni, awe mtoto wa mkulima au wa kasisi. Baba yangu anasema ukimtajia mtu wa rika lake jina la Bi Muriel, kwanza huficha mikono.

Tulikuwa tunaenda Marlbury kutafuta maharage. Najua mtu atacheka, safari nzima kwa ajili ya maharage, lakini asicheke kabla sijaeleza.

Baba yake, mzee Enoch Beddoes, alikuwa mtu wa reli. Alishinda katika kibanda cha juu karibu na stesheni ya zamani, akivuta mikono ya vyuma ili treni zipite au zisimame. Kando ya reli palikuwa na kipande cha ardhi, na humo aliotesha maharage ya kutambaa. Kila mwaka alichagua mbegu za mimea iliyostahimili upepo wa vilima vyetu, mpaka akapata aina yake mwenyewe: nyeupe, yenye doa la rangi ya damu ya mzee pale kwenye jicho. Stesheni ilipofungwa, nyumba ilirudi kwa wenye reli. Bi Muriel alitoka na sanduku moja la nguo, baba mgonjwa, na soksi iliyojaa mbegu. Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, hujibu, "Aliyenitaka aliitaka na nyumba, na nyumba haikuwa yangu." Mbegu zilikuwa zake. Kila mwaka alipanda, akala, akagawa, akaweka nyingine kwenye chupa.

Septemba iliyopita alipokwenda kubadilishwa nyonga, aliniachia mimi kuvuna. Aliniambia wazi, "Ziache kwenye maganda mpaka ukizitikisa zilie kama njuga. Ndipo umenye." Mimi nilikuwa na safari ya shule Ijumaa ile. Nilitikisa, hazikulia sana, nikajiambia zimelia. Nikamenya, nikajaza chupa, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Januari tulipoifungua, ndani mlikuwa na ukungu wa manyoya ya kijivu, kama panya aliyelala. Bi Muriel alichungulia, akarudisha kifuniko, akasema, "Basi, ndiyo hivyo." Afadhali angenichapa upawa.

Halafu likaja jarida la chama cha watunza bustani. Kila mwaka wanachama hukutana ukumbi wa kanisa Marlbury kubadilishana mbegu. Unaleta zako, unachukua za wengine, hakuna kununua. Kulikuwa na orodha, na namba thelathini na moja ilikuwa: Maharage ya Beddoes. Nilisoma mara tatu. Mtu fulani, mahali fulani, ambaye aliwahi kugawiwa na Bi Muriel, alikuwa bado anazo. Jina la mtu huyo halikuandikwa. Ila kulikuwa na namba ya simu ya katibu.

"Nimpigie akuwekee pakiti moja?" nilimwambia Bi Muriel.

"Aniwekee? Mimi nani?"

"Binti wa aliyezibuni!"

"Bethan, watu wote watapanga foleni, nami nitapanga. Niligonga vidole vya watoto miaka thelathini na moja kwa kuruka mstari. Leo niruke mimi?"

"Siyo kuruka. Ni simu tu."

"Ni kuruka kwa simu."

Basi ndivyo tulivyojikuta kituoni na bahasha tatu za mbegu za vitunguu kama mchango wetu, tukitegemea kufika ukumbini saa nne na robo, maana ubadilishaji ulianza saa nne na mambo mazuri huisha mapema.

Mlango wa basi ulifunguka. Dereva alikuwa Clive Gough, mwanamume mnene asiye na nywele hata moja.

"Bi Beddoes! Umefufuka!"

"Nilikuwa kwenye nyonga, Clive, si kaburini." Akaweka kadi yake ya wazee juu ya mashine. Mashine ikalia vibaya, taa nyekundu. Akaweka tena. Nyekundu.

Clive akajikuna shingo. "Mama, hiyo kadi haianzi kazi mpaka saa tatu na nusu. Kabla ya hapo hata wazee wanalipa."

"Najua sheria. Ndiyo maana nikaja kwa basi la saa tatu na nusu na ushei."

"Wamebadilisha ratiba tangu mwaka mpya. Sasa napita hapa saa tatu na dakika ishirini na nne."

"Nani aliyepanga basi la wazee lipite dakika sita kabla ya kadi za wazee?"

"Mtu mwenye gari," alisema Clive.

Nikatoa pochi yangu. "Nitakulipia mimi."

"Rudisha hela zako."

"Ingia tu, mama," Clive akanong'ona, "mimi nitafumba macho."

"Clive Gough, usinifumbie macho na wewe ndiye unayeendesha. Sheria inasema saa tatu na nusu. Nitasubiri."

"Utasubiri mpaka Jumamosi? Hili ndilo basi la leo asubuhi!"

Bi Muriel aligeuka. Alishuka ile ngazi moja aliyokuwa amepanda, akasimama ukingoni mwa barabara, mkongojo mkononi, manyunyu yakimdondokea kwenye kofia. Nilimtazama Clive. Clive alinitazama. Kisha akazima injini, akatangaza kwa sauti ya kuelekea nyuma, "Jamani, nasikia tairi la nyuma linalia. Naenda kulikagua. Itanichukua kama dakika… sita."

"Mimi nina daktari wa meno saa nne na nusu!" mwanamke mmoja alilalamika kutoka viti vya katikati.

"Jino hilo umelitunza tangu Krismasi," mzee wa nyuma yake akamjibu, "litavumilia dakika sita."

Nilimsihi Bi Muriel aingie angalau akae, mvua inaongezeka. Akasema hawezi kukaa ndani ya basi ambalo hajalipanda. Kwa hiyo alisimama nje dakika zote sita, Clive akizunguka gari na kulipiga mateke tairi moja baada ya jingine kwa uso wa fundi, abiria wanane wakitazama mbele kana kwamba hakuna kinachoendelea. Saa tatu na nusu barabara, kadi ikawekwa, taa ya kijani. Akaketi, akanyoosha koti, akasema, "Umeona? Kila kitu kina wakati wake."

Wakati wake ulikuwa umekwishapita. Basi lilipoteremka kwenye njia nyembamba ya chini ya mlima, trekta la kukata ua wa miti lilikuwa ndiyo kwanza linatoka kwenye geti la shamba. Niliona kwa macho yangu gurudumu la nyuma likimalizia kuingia barabarani. Tungewahi dakika mbili tu, lingetuacha tupite. Mwisho wa Februari kila mkulima hukimbizana na tarehe, kwa sababu kuanzia Machi ua haukatwi, ndege wanajenga viota. Njia ile huenea basi moja na pumzi ya dereva. Hapakuwa na pa kupitia.

Tulilifuata trekta lile kilomita sita. Mkono wake mrefu wa chuma ulikuwa unanyoa matawi, nalo linakwenda kama linaloenda kuzikwa. Mtu aliyekuwa akikimbia mazoezi alitupita. Dereva wa trekta aligeuka akatupungia mkono, na basi zima, hata mwenye jino, likampungia.

"Si umpigie honi, Clive!" nilisema.

Wote wakageuka kunitazama mimi. Kwetu kumpigia mtu honi ni karibu sawa na kumtukania mama yake.

"Anafanya kazi yake," Bi Muriel alisema.

"Na mbegu zako?"

"Zipo mezani. Maharage hayana miguu."

Lakini niliona anaigeuza ile kadi ya basi mikononi, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka tukafika.

Tulifika saa tano. Alhamisi ni siku ya soko, uwanja wa Marlbury umejaa mahema ya milia, gari la samaki, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Hatukusimama popote. Kwa hatua za nyonga mpya tulifika ukumbi wa kanisa, na foleni ilitoka mlangoni, ikapita lango la makaburi, ikaishia mbele ya duka la nyama. Niliwahesabu watu ishirini na saba. Bi Muriel alikwenda moja kwa moja mkiani, akasimama nyuma ya mwanamume mwenye mbwa, akashusha pumzi kama mtu aliyefika nyumbani.

"Nikaulize tu kama bado zipo?" nilimwambia.

"Ukienda mbele watadhani unaruka."

"Nitawaambia siruki."

"Ndivyo wanavyosema wanaoruka."

Wahenga wa Kiswahili wanasema mstahimilivu hula mbivu. Ni kwa sababu hawakuwahi kupanga foleni Marlbury. Ilitambaa. Kila aliyetoka mlangoni alibeba mfuko, nami nilijaribu kuona kupitia karatasi kama mna maharage. Mwanamke mmoja alipita akimwambia mwenzake, "Yale ya kutambaa yanakwisha haraka kama keki," nikamgeukia Bi Muriel, naye akawa anasoma tangazo la paka aliyepotea, kwa umakini ambao hakuna paka anayeustahili.

Ndani ilikuwa mbaya zaidi. Meza zilipangwa kwa namba kuuzunguka ukumbi, moja mpaka arobaini, na watu walitembea upande mmoja, hatua kwa hatua. Hakuna aliyeandika kwamba ni lazima. Wote walijua tu. Ili ufike thelathini na moja, ulipaswa kupita mbele ya nyingine thelathini, na kwa Bi Muriel kupita bila kutazama ni kuwadharau waliozileta. Alizisifu nyanya. Aliuliza habari za kabichi. Kwenye namba kumi na nne aliacha vitunguu vyetu na akajadili barafu ya mwaka jana na bwana mmoja mwenye ndevu, nami nimesimama nyuma yake nikiwa nimekunja vidole ndani ya viatu.

Halafu nikaiona. Sahani ya bati, karatasi iliyoandikwa 31, na juu ya sahani pakiti moja. Moja tu, ya karatasi ya kaki, ndogo kama kiganja cha mtoto, imeandikwa kwa kalamu: Beddoes, mbegu tisa.

Bi Muriel alisimama mbele yake. Akanyoosha mkono, na wakati uleule mkono mwingine ukanyooka kutoka upande wa pili. Ulikuwa wa bibi mfupi mwenye koti la kijani. Wanafahamiana kwa mbali, anaitwa Bi Constance Tranter. Mikono yote miwili ikarudi haraka kama iliyogusa jiko.

"Samahani! Ulikuwa unaitaka," alisema Bi Constance.

"La, la. Nilikuwa natazama tu," alisema Bi Muriel.

Natazama tu! Nilidhani nimesikia vibaya.

"Lakini wewe ndiye uliyefika kwanza."

"Mkono wako ndio ulikuwa mbele."

"Hata kidogo. Chukua, tafadhali."

"Sitaweza kulala. Chukua wewe."

Bi Constance akaisukuma sahani huku. Bi Muriel akaisukuma kule. Nilimkanyaga mguu, taratibu, upande usio na chuma. Akausogeza mguu. Walikuwa wanatabasamu wote wawili, tabasamu la watu wanaobeba kabati zito kwenye ngazi, na foleni nyuma yao imesimama kwa adabu.

Hapo ndipo kijana mmoja mwenye kofia ya baiskeli alipoinama katikati yao. "Samahani, mabibi. Kama hakuna anayeihitaji…?"

"Chukua, chukua!" walisema kwa pamoja, kama kwaya.

Akaichukua. Akaisoma. "Beddoes. Sijawahi kuyasikia." Akaitia mfuko wa jaketi, akashukuru, akaenda zake kwenye maboga.

Bi Constance alishusha pumzi. "Afadhali. Kusema kweli mimi hata sipendi maharage. Niliona pakiti imebaki peke yake, nikaona vibaya ikiachwa."

Bi Muriel alisema, "Ni kweli, ingekuwa vibaya." Akatembea kwenda namba thelathini na mbili. Akazisifu figili.

Nje nilifungua mdomo. "Bi Muriel…"

"Usianze."

Tukaingia mgahawa ulio ukingoni mwa uwanja, tukaketi dirishani. Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Basi la kurudi ni saa saba kasoro dakika ishirini. Aliagiza chai na mkate mtamu wa zabibu kavu, akalipa papo hapo. Akaikoroga chai muda mrefu sana, na hakuwa ameweka sukari.

"Ni kosa langu," nilisema. "Mimi ndiye niliyeziozesha."

Nilitegemea atasema kama siku zote, basi, ndiyo hivyo. Akaweka kijiko.

"Ndiyo," alisema. "Ni kosa lako. Nilikwambia zilie kama njuga, ukamenya mbichi kwa sababu ulikuwa na safari."

Nikausogeza ule mkate upande wake.

"Na mimi," akaendelea, "nilikuwa nazo hapa." Akanionyesha kiganja. "Hapa, Bethan. Baba yangu alikaa miaka ishirini akichagua mbegu moja moja kwenye taa ya kibanda, mimi nikasema natazama tu. Natazama tu! Mtu mzima na akili zake!" Alisema kwa sauti hata mhudumu akageuka. Bi Muriel akashusha sauti mara moja, akamwomba radhi mhudumu, kisha akakasirika kwa kumwomba radhi.

Nikatazama nje ili nisimtazame yeye. Ng'ambo, kwenye hema la jibini, niliona kofia ya baiskeli.

"Yule pale," nilisema.

Bi Muriel alisimama. Aliacha chai nusu, aliacha mkate mzima kwenye sahani, na sijawahi kumwona akiacha hata kombo. Akatoka. Alivuka uwanja haraka kuliko daktari wake angependa, mimi nyuma yake, nikiwaza: sasa atasema, hatimaye atasema.

Hema la jibini lilikuwa na foleni. Kijana alikuwa wa pili kutoka mbele. Bi Muriel akaenda akasimama mwisho.

Nilitaka kulia. "Hununui jibini! Unataka kuongea naye tu!"

"Yuko kwenye foleni. Nikimwendea pale, hawa wote watadhani nini?"

"Watadhani unaongea na mtu!"

"Shh."

Tukasimama. Kijana akanunua, akaweka jibini kwenye begi, akatoka mstarini kuelekea baiskeli yake. Na wakati huohuo, maana mambo huja pamoja, mwenye hema, mama mwenye mikono mikubwa myekundu, akamwelekea Bi Muriel: "Haya mpenzi, nikupe nini?"

Bi Muriel alitazama baiskeli. Alimtazama mwenye hema. Nilimwona anapigana na nafsi yake, na nilimwona anashindwa. "Kipande kidogo cha lile la manjano," alisema. "Hapana, kidogo zaidi. Na hilo jingine ni la mbuzi?"

Nilikimbia. Nilimfikia kijana akiwa ameshapandisha mguu mmoja, nikashika kiti cha baiskeli kwa mikono miwili.

"Samahani! Subiri. Kuna bibi anataka kuongea nawe."

"Bibi gani?"

"Yule anayenunua jibini asilolitaka."

Alicheka, akashuka. Alikuwa mwalimu mgeni mjini, jina lake Rupert Lyle. Bi Muriel alipofika, pakiti ya jibini mkononi, alianza na hali ya hewa. Alisema mvua ya mwaka huu haina mpango. Rupert akakubali. Bi Muriel akauliza baiskeli ile ilikuwa ya aina gani. Rupert akaeleza, kwa urefu. Saa ya mnara wa soko ilisema saa saba kasoro, sijui kasoro ngapi, ila niliona mshale mrefu umekaribia namba nane, dakika ya basi letu, nikaminya koti la Bi Muriel kwa nyuma.

"Ile pakiti," akasema ghafla. "Ile namba thelathini na moja. Yalikuwa maharage ya baba yangu. Jina langu ni Beddoes."

Rupert akafungua mfuko wa jaketi papo hapo. "Mungu wangu, kwa nini hukusema? Chukua. Chukua yote."

"La, hapana. Ulizipata kwa haki."

"Mama, mimi nina chungu kimoja dirishani. Sikujua hata ni ya kutambaa."

"Chungu kimoja kinachukua mbegu tatu, nne. Basi baki na tano, moja ikifa una nne."

"Kwa hiyo wewe ubaki na nne? Za baba yako?"

"Moja ingenitosha."

"Chukua nane!"

"Usiwe mtoto. Nne."

Sijawahi kusikia biashara ya namna ile, mtoaji anaongeza mbegu, mpokeaji anapunguza. "Bi Muriel," nilisema sikioni mwake, "chukua zote." Hakugeuka. Rupert alikwishamimina mbegu kiganjani, tisa, nyeupe, kila moja na doa lake la damu ya mzee. Bi Muriel akazitazama kwa muda. Kisha akachagua nne kwa ncha ya kidole, kama baba yake chini ya taa, ila sidhani kama alichagua zilizo bora. Nadhani alichagua zile ndogo, amwachie nzuri mwenye chungu. Akampa na jibini.

Wakati Rupert anashukuru jibini, niliona basi la Clive likizunguka uwanja kwa mbali. Saa saba kasoro dakika ishirini, kamili. Safari hii tairi halikulia. Nilipunga mikono, nikapiga kelele, lakini gari la samaki lilikuwa katikati. Linalofuata ni saa tisa na robo.

Tuliketi kwenye banda la kituo, benchi la chuma, mvua sasa imekolea. Hatukuwa na chai, mkate wala jibini. Bi Muriel alifungua leso, akazipanga mbegu nne gotini, akazisogezea macho.

"Hii ina ufa," alisema.

Niliinama. Ilikuwa na ufa kweli, kutoka jichoni mpaka ukingoni.

"Tatu, basi," nilisema.

"Tatu. Konokono wakila moja, mbili."

"Na barafu ya Mei ikiunguza nyingine."

"Sijakuuliza habari za barafu."

Gari moja lilipita likaturushia maji ya shimoni hadi magotini. Dereva akapunga mkono kuomba radhi. Bi Muriel hakumpungia. Nilimtazama kuhakikisha; mkono wake ulibaki juu ya leso, umekunjwa ngumi.

"Ungeniambia nichukue sita," alisema.

"Nilikwambia uchukue zote!"

"Ulinong'ona."

"Nilinong'ona kwa sababu wewe ungesema shh!"

"Ningesema," alikubali. Akazifunga mbegu, akaziingiza ndani kabisa ya nguo, upande wa kifua. "Lakini jambo kama lile, Bethan, mtu hanong'oni. Ungepiga kelele mjini kote. Ungeniaibisha. Sasa tungekuwa nazo tisa."